Pole Haina Kiingereza

4 Februari

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Najua simu huisikii tena, na hata ungeisikia, ninachokitaka si cha simuni. Nataka kiandikwe, nikibandike ukutani juu ya kitanda, nikisome kila asubuhi kama mtoto wa darasa la kwanza. Usicheke. Au cheka, lakini ukimaliza uniandikie.

Kazi ya kufagia ghala iliisha Desemba. Nikabaki nazurura na mfuko wa nguo chafu. Huku wengi hawafulii nyumbani. Kuna duka la kufulia, mashine ishirini zimepangwa ukutani, unatia sarafu, unakaa kwenye benchi unaziangalia nguo zako zikizunguka. Mbele kuna kaunta ya sabuni. Basi mimi, dobi niliyefua nguo za watu miaka ishirini na sita, nikasimama pale nikashindwa kununua sabuni! Nilitaka ya unga. Nilijua sabuni ni "sop" na unga ni "flawa", nikamwambia mwenye duka: plizi, sop ya flawa. Yeye akasikia supu. Akanishika bega taratibu, akanitoa nje, akanionyesha mkahawa ng'ambo ya barabara.

Nikarudi. Nikamkuta mteja analalamika kuhusu doa la wino kwenye kola. Hilo halitaki Kiingereza. Nikaomba spiriti kwa vidole, nikaomba kitambaa, doa likatoka. Mwenye duka, ambaye sasa ndiye bosi wangu, akaniangalia mikono kwa muda mrefu.

Amenichukua kwa majaribio mpaka mwisho wa Mei. Sharti lake ni moja: nisimame kaunta niuze sabuni kwa Kiingereza bila kumkimbiza mteja. Nikifaulu ataniandikia karatasi za kudumu, na kwa karatasi hizo mke wangu ataruhusiwa kuja. Mwaka wa tatu huu, dada. Nimechoka kula peke yangu.

Niandikie Kiingereza cha sabuni tu. Kingine waachie wenyewe.

Mdogo wako,
Dobi

*

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka wifi, mkeo, akatoka jikoni mbio, akidhani nimepatwa na jambo. Nilipomsomea hapo kwenye supu akakaa chini kabisa. Anasema bora wewe ulipelekwa mkahawani, wengine wangepelekwa polisi.

Sasa sikiliza. Usitafsiri neno kwa neno, ndiyo maana ulikuwa unapata sufuri kwangu. Sabuni ya unga waite "paoda". Ya maji ni "likwidi". Ile ya kulainisha nguo, yenye harufu, ni "softna". Ile jiki yetu ya kung'arisha nyeupe ni "blichi". Ukisema jiki watakutumbulia macho. Mashine ya kukausha ni "draya". Mteja akitaja "loodi", maana yake mzigo wa mashine moja. Kabla hujamuuzia blichi muulize kwanza kama nguo ni nyeupe au za rangi. Sentensi zote nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa, na chini yake jinsi ya kutamka. Plizi mwanzoni, thenkiyu mwishoni, kila mara, hata kama mteja ni mkorofi.

La mwisho ni uungwana. Wewe bila pole ni bubu, nakujua. Pole ni "sori". Mteja akikohoa, mwambie sori. Sarafu ikimponyoka, sori. Akikwambia amefiwa, sori sana. Nimefundisha hivyo miaka thelathini na mbili na hakuna mtoto aliyerudi kunilalamikia.

Wifi anasema ule vizuri. Hapendi kuandika, unamjua, lakini sentensi zako amezishika kunishinda. Jana kanikuta nafua vitambaa akaniuliza kwa Kiingereza kama natumia paoda au likwidi.

Dada yako,
Mwalimu

*

8 Machi

Dada Mwalimu,

Shikamoo tena. Karatasi yako imeniokoa. Juzi mteja kaniuliza kitu chenye "loodi" ndani yake, nikaelewa anauliza sabuni inatosha mizigo mingapi. Moyoni nikajibu, mizigo yangu ni mitatu: mke, dada, na paa linalovuja. Mdomoni nikasema "tuu loodi, plizi", akalipa akaenda zake. Bosi alikuwa nyuma yangu. Hakuninyang'anya kaunta.

Hiyo sori yako inafanya kazi, ila mara nyingine inakwama. Mzee mmoja kajikwaa mlangoni, nikamwambia sori, akaniuliza kwani mimi ndiye niliyejenga hicho kizingiti? Labda nilitamka vibaya.

Nyuma ya duka kuna mwenzangu mmoja. Anafua zile nguo ambazo watu wanaacha na kurudi kuzichukua jioni, na anazipiga pasi; kaunta ikitulia namsaidia. Mimi namwita Mama Pasi. Katoka nchi nyingine kabisa, Kiingereza chake kidogo kuliko changu, na kusoma hajui. Ana kama miaka sitini na tano na miguu imemvimba. Tunaongea kwa mikono. Akiona nimechoka anapiga kiti chake kofi mara mbili, yaani njoo ukae. Mimi naye tunajuana kwa kazi tu. Kola anavyoinyoosha, dada, hata mimi simfikii.

Kufika jioni sijielewi. Kusimama si tatizo, dobi amezaliwa amesimama. Kinachochosha ni kusikiliza. Siku nzima nimetega masikio kama mwizi.

Mwambie mama watoto aanze kuulizia pasipoti.

Dobi

*

21 Machi

Dada,

Nimeondolewa kaunta.

Kuna mama mmoja mjane, mteja wa kila Jumanne. Wiki hii aliacha shati la kazi la marehemu mumewe, la bluu, lile alilokuwa analivaa siku zote. Alipokuja kulichukua lilikuwa limebabuka mabaka meupe kifua kizima. Blichi. Akalishika akalia, hakupiga kelele, alilia tu kimya. Mimi nikatoka nyuma ya kaunta, nikamshika mikono, nikamwambia sori, mama, sori sana, sori. Ningesema nini kingine? Hata jiwe lingesema pole.

Bosi akatokea. Akasikia. Akaniuliza kitu haraka haraka, nikajibu sori. Akauliza tena, nikajibu sori, maana yule mama alikuwa bado analia na mimi macho yangu yalikuwa kwake. Basi, bosi akanyoosha kidole nyuma kwenye mabomba. Toka siku hiyo nadeki na kusafisha mifereji ya mashine. Kasema nitamaliza Mei yangu halafu niende. Karatasi hakuna.

Sijui nimekosa nini. Nimelisoma neno lako kwenye ukuta mara mia. Limeandikwa sawasawa.

Usimwambie wifi yako kwanza. Kwenye simu nimemwambia mambo yanakwenda.

Dobi

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kosa si lako. Ni langu.

Nilikwenda kwa daktari wa meno, yule mgeni wa misheni ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake, nikamuuliza kwa maandishi: mtu akisema sori mbele ya kitu kilichoharibika, wewe unaelewa nini? Akaandika chini yake: kwamba yeye ndiye aliyekiharibu. Nikamuuliza, na kama anampa pole tu? Akafikiri sana. Akaandika kwamba kwao neno la namna hiyo peke yake hawana, inabidi useme sentensi nzima, unasikitika kwa yaliyompata, na hata hapo kama umesimama karibu na uharibifu watakushuku.

Miaka thelathini na mbili! Watoto wangapi nimewatuma duniani wakakiri makosa ya watu? Siku mbili sikula. Wifi akaniuliza nina nini, nikasingizia jino.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Kiingereza, ya bosi wako. Nimeiandika mara sita. Nimemweleza kwamba lugha yetu ina neno ambalo anayelisema hajafanya lolote. Tunampa mgonjwa, mfiwa, aliyebeba mzigo, hata aliyetoka kazini. Nimemweleza kwamba ndugu yangu alikuwa anamfariji yule mjane, hakuwa anakiri, na kwamba dobi wa miaka ishirini na sita hawezi kumwagia shati la bluu blichi hata akiwa usingizini. Nimemwomba amtafute mwenyewe aliyefanya. Nimeweka sahihi yangu na cheo changu cha zamani.

Mpe siku hiyo hiyo ukiipata.

Dada yako aliyekukosea,
Mwalimu

*

17 Aprili

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Barua imefika. Asante sana. Usijilaumu, Kiingereza chenyewe ndicho pungufu.

Bosi ana mambo mengi wiki hizi, kuna mashine mbili zimekufa. Nitampa akitulia. Hali ya hewa ni baridi kidogo. Nakula.

Dobi

*

29 Aprili

Mdogo wangu,

Hiyo ni barua gani? Tangu lini wewe ukaniandikia habari za hali ya hewa?

Mwezi umebaki mmoja. Wifi amepata pasipoti, anaiweka chini ya godoro, kila jioni anaitoa anaiangalia picha yake na kusema wamemfanya afanane na baba yake. Kibanda chenu cha udobi amekikabidhi kwa binamu yake. Anafungasha, wewe. Na mimi namwangalia anavyofungasha huku najua, na mdomo nimeufunga kwa sababu yako. Mimi sisikii, lakini si kipofu.

Bosi umempa barua au hujampa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie.

Mwalimu

*

11 Mei

Dada,

Sijampa.

Nakwambia ukweli wote sasa, na usinitukane mpaka umalize kusoma. Blichi alitia Mama Pasi. Nilimwona akimimina, nikadhani ni softna. Muuzaji wa jumla alibadilisha chupa, softna na blichi zote zikaja nyeupe, kizibo cha bluu, tofauti ni maandishi tu, na yeye kusoma hajui. Kwa kawaida anazijua kwa harufu, lakini siku ile alikuwa na mafua. Mjane alipolia, Mama Pasi alikuwa nyuma ya meza ya pasi ameshika kizibo mkononi, ananiangalia. Uso wake ule siwezi kukuandikia.

Barua yako inamwambia bosi amtafute aliyefanya. Kwa nguo za nyuma tuko wawili tu. Nikijisafisha mimi, nimemchafua yeye. Ana miaka sitini na tano, hana mtu, analala chumba cha juu ya duka ambacho ni cha bosi. Akitolewa kazini anatolewa na kitandani.

Nikasema, nitampa kesho. Kesho ikifika naye ananipigia kiti kofi mara mbili, njoo ukae. Nimeikunja barua nimeitia mfuko wa aproni, inaniunguza kila nikiinama. Halafu nikimfikiria mke wangu najiona mpumbavu. Nani kaniteua kuwa malaika? Miaka mitatu mwanamke analala peke yake, mimi naona huruma kwa mtu nisiyejua hata jina lake.

Sijui nifanye nini. Nimechoka hata kufikiri. Mama watoto usimwambie.

Dobi

*

27 Mei

Dada Mwalimu,

Limekwisha, ila si kwa mkono wangu.

Alhamisi niliacha aproni kwenye kapu la nguo za duka. Uchovu tu, dada, nakuapia, sikupanga. Mama Pasi huwa anakagua mifuko kabla ya kufua, kila mfuko, hiyo ndiyo kazi. Akaikuta barua. Ameona karatasi nzuri, sahihi chini, jina la duka juu, na jina hilo analijua kwa kuliona mlangoni kila siku. Akafikiri ni barua ya maana niliyoisahau, na kuchelewa kwake kunaweza kuniletea matatizo. Basi akaipiga pasi, imekunjuka vizuri kabisa, akampelekea bosi kwa mikono yake miwili. Alitaka kunisaidia.

Bosi akasoma akiwa amesimama. Akaniita. Akamwita na yeye. Akaweka chupa mbili mezani, akamwambia Mama Pasi aonyeshe softna ni ipi. Mafua yalikwisha siku nyingi, angeweza kunusa akapata. Hakunusa. Alinitazama, akaelewa, akajigusa kifua kwa kidole. Mimi.

Jumamosi ameondoka na mifuko miwili. Nilimbebea mpaka kituo cha basi. Nilimwambia sori, dada, na safari hii nilikuwa nasema Kiingereza safi.

Bosi si mtu mbaya. Amenishika mkono, amenirudisha kaunta, amesema karatasi zangu atazituma wiki hii. Halafu akaniuliza mke wangu anajua kupiga pasi? Nikasema ndiyo, kabla sijajua ninachojibu. Fomu yake ndiyo hii nimeiambatanisha. Ajaze jina, atie sahihi, airudishe, na tiketi bosi atakata mwenyewe. Kazi ni ile ya nyuma. Chumba ni kile cha juu.

Nilichokuwa nakililia miaka mitatu nimekipata, na tangu Jumamosi chakula hakishuki. Lakini nimekipata. Sasa mpe mama watoto barua zote azisome, hata zile nilizosema usimpe. Sina nguvu ya kuficha tena.

Dobi

*

12 Juni

Baba watoto,

Dada yako alitaka kuniandikia, nimemwambia hapana, hii naandika mwenyewe. Mwandiko utauvumilia.

Barua zako nimezisoma zote, nimezipanga kwa tarehe kitandani. Kwanza nimekasirika. Nimekasirika mpaka nimefua mapazia yasiyo machafu. Wewe na dada yako mmekaa na habari zangu wiki ngapi? Mimi nafungasha, ninyi mnaangaliana. Kwenye simu nakuuliza kazi vipi, unaniambia poa. Poa! Kama ni kusubiri, anayesubiri ni mimi. Ulikuwa unaamua maisha yangu ukiwa umeyakunja kwenye aproni, na hukuniuliza. Ungeniuliza ningekujibu siku hiyo hiyo, tusingefika hapa. Hilo nitakudai mpaka uzee.

Jana nimekaa na fomu hii tangu asubuhi. Jina langu naweza kuliandika, halina herufi nyingi. Nimeona mpaka chumba, nimeona kitanda, nimekuona wewe unapanda ngazi jioni nakwambia viatu vua nje. Usidhani sitaki. Nataka mpaka mgongo unauma. Nina miaka hamsini na miwili, na usiku nikigeuka nagusa ukuta.

Lakini mimi nimepiga pasi tangu tulipooana. Najua kukaa kwenye kiti cha mpiga pasi. Kinashika umbo la mtu. Nitakaaje pale juu, nitoe shuka la nani kitandani? Na bosi wako, siku mimi nikipata mafua, ataleta nani? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yule mama nakushukuru ulimbebea mifuko. Kubeba mifuko hakutoshi, mume wangu.

Mtafute. Kituoni ulimwacha wewe, dereva wa basi lile atakuwa anamjua, mtu wa miguu kuvimba hasahauliki. Ukimpata, mwambie bosi hivi, na mwambie kwa Kiingereza hicho hicho cha kaunta, usitafute kingine: mke wangu haji mpaka yule arudi. Dada yako amekuandikia sentensi yenyewe nyuma ya karatasi hii. Nimemkataza asitie sori hata moja, na plizi nimemruhusu moja tu. Na chupa zile zifunge uzi, moja mwekundu, moja mweupe, kusoma kusiwe shida tena.

Akikasirika akakufukuza, rudi. Kibanda nimekichukua tena kutoka kwa binamu, amekiharibu kwa wiki sita tu, makaa ya pasi kayaacha yakatoboa meza. Akikubali, basi nitasubiri mpaka apate nafasi nyingine, yangu. Kuna siku nitakulaani, nakwambia mapema. Ikifika siku hiyo, nisikilize tu, nyamaza.

Fomu ninakurudishia humu ndani. Sijaijaza.

Mkeo